Nuru Isiyoonekana kwa Jicho: Jinsi Vigunduzi vya Angani Vinavyopima Mionzi ya Galaksi Amilifu, na Funzo Lake kwa Mhudumu wa Afya na Mgonjwa

Utangulizi

Mgonjwa anayekohoa kwa zaidi ya majuma mawili, akatoka Liuli au Lituhi katika mwambao wa Ziwa Nyasa na kupanda milima ya Umatengo hadi Mbinga ili apigwe picha ya kifua, mara nyingi hufika akiwa na maswali mawili moyoni. La kwanza: je, mionzi hiyo itamdhuru? La pili: ikiwa picha haikuonyesha kitu, je, ni kweli kwamba hana kitu? Mhudumu aliyezidiwa na foleni humjibu kwa maneno machache: “Usiogope,” kisha, “Uko salama.” Nia ni njema, lakini majibu hayo hayatoshi. Asiyeridhika na jibu la kwanza huweza kuondoka kabla ya kupigwa picha, akarudi na kifua kikuu chake kwenye chumba anacholala pamoja na watoto. Aliyeridhika mno na jibu la pili huweza asirudi tena hospitalini hadi awe amechelewa.

Maswali hayo mawili, yaani mionzi ni kiasi gani na ukimya wa chombo una maana gani, si ya tiba peke yake. Ndiyo maswali ambayo wanaastronomia wamejiuliza tangu walipoanza kupeleka vigunduzi angani ili kupima eksirei na miale ya gama itokayo katika galaksi za mbali. Kwa kuwa vyombo vyao na vyombo vya hospitali ni ndugu wa ukoo mmoja, majibu waliyoyapata yanaweza kumsaidia mhudumu wa zahanati na mgonjwa wake.

Baada ya kusoma makala haya, msomaji ataweza kueleza eksirei na miale ya gama ni nini, jinsi vigunduzi vinavyoihesabu, kwa nini kila hesabu ina kiasi chake cha shaka, na jinsi ya kumjibu mgonjwa anayeogopa mionzi.

Mionzi ni nini?

Nuru ya jua, joto la moto wa jikoni, mawimbi ya redio, eksirei na miale ya gama ni jamii moja. Vyote husafiri kwa mwendo wa karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Kinachovitofautisha ni nishati inayobebwa na kila punje ya nuru, ambayo huitwa fotoni. Fotoni ya nuru inayoonekana kwa jicho hubeba elektronivolti 2 au 3 tu. Fotoni za eksirei zinazopiga picha ya kifua hubeba makumi ya maelfu ya elektronivolti, na mashine nyingi hazizidi 125,000. Miale ya gama ya teknesiamu-99m, inayotumiwa katika uchunguzi wa mifupa na tezi, hubeba 140,000.

Nishati hiyo kubwa ndiyo inayoiwezesha eksirei kupenya nyama na kuacha kivuli cha mifupa. Ndiyo pia inayoiwezesha kung’oa elektroni kutoka katika atomu za mwili; tendo hilo ndilo chanzo cha madhara pale kipimo kinapokuwa kikubwa. Faida na hatari ya mionzi, kwa hiyo, hutoka katika sifa ileile moja. Suala la msingi ni kiasi.

Kwa nini vyombo vipelekwe angani?

Mtu aliyesimama Mbamba Bay usiku wa Mei au Juni, mawingu yakiwa yametoweka, huuona Msalaba wa Kusini juu ya ziwa. Karibu nao, katika kundi la nyota liitwalo Centaurus, iko galaksi ya Centaurus A, iliyo umbali wa takriban miaka milioni 12 ya nuru. Galaksi hiyo hutoa eksirei nyingi sana, lakini hakuna hata fotoni moja ya eksirei hizo inayoufikia uso wa ziwa.

Sababu yake ni hewa. Safu yote ya hewa iliyo juu ya kichwa cha mvuvi ina uzito unaokaribia ule wa maji yenye kina cha mita 10. Eksirei inayopenya kifua cha mtu haiwezi kupita kina hicho. Kizuizi hiki ni rehema kwa viumbe hai, kwa maana hewa ni kinga yao dhidi ya mionzi ya anga. Lakini anayetaka kuipima hana budi kuinua chombo chake juu ya hewa. Ndivyo ilivyofanyika tarehe 18 Juni 1962, pale Riccardo Giacconi na wenzake waliporusha roketi nchini Marekani ikiwa na vigunduzi vidogo, wakagundua chanzo cha kwanza cha eksirei kilicho nje ya mfumo wa Jua. Roketi, hata hivyo, hukaa juu ya hewa kwa dakika chache tu. Kilichohitajika ni setilaiti.

Uhuru: setilaiti iliyoanzia pwani ya Kenya

Setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kupima eksirei za anga peke yake ilirushwa kutoka Afrika Mashariki. Tarehe 12 Desemba 1970, roketi iliondoka katika jukwaa la San Marco, mali ya mradi wa Waitalia, lililosimama baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru. Kwa pendekezo la Marjorie Townsend, msimamizi wa mradi upande wa Marekani, setilaiti ilipewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa mandhari yake. Malindi iko karibu na ikweta, na setilaiti iliyorushwa kutoka huko iliweza kuzunguka Dunia ikifuata ikweta. Njia hiyo huepuka kwa sehemu kubwa eneo la juu ya Atlantiki ya Kusini, ambako chembe zenye chaji ni nyingi na huvichanganya vigunduzi. Kwa lugha ya maabara, Uhuru iliwekwa mahali penye uchafu mdogo ili sampuli isomeke vizuri.

Uhuru ilikuwa na vigunduzi viwili, kila kimoja kikiwa na eneo la sentimita za mraba 840 la kupokea eksirei zenye nishati kati ya elektronivolti 2,000 na 20,000. Ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12, ikifagia anga ukanda baada ya ukanda. Hadi ilipokoma kufanya kazi mwezi Machi 1973, ilikuwa imekusanya taarifa zilizozaa orodha ya vyanzo 339. Miongoni mwao zilikuwamo galaksi amilifu, zikiwemo Centaurus A, NGC 4151 na 3C 273. Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Jukwaa hilohilo lilirusha pia setilaiti ya miale ya gama, SAS-2, tarehe 15 Novemba 1972, na setilaiti ya Uingereza, Ariel 5, tarehe 15 Oktoba 1974. Hadi leo kituo cha Malindi hupokea taarifa kutoka vyombo vya angani vya eksirei, vikiwemo Swift, NuSTAR na IXPE.

Galaksi amilifu ni nini?

Galaksi ni mkusanyiko wa mabilioni ya nyota. Katikati ya galaksi nyingi kubwa kuna shimo jeusi lenye uzito wa mamilioni, na wakati mwingine mabilioni, ya Majua. Katika galaksi iliyotulia, shimo hilo halina chakula. Katika galaksi amilifu, gesi huliangukia kwa wingi, ikizunguka kama maji yanayoelekea kwenye tundu la karo. Msuguano huipasha gesi joto kali hadi kiini kung’aa kuliko nyota zote zinazokizunguka. Karibu na shimo kuna wingu jembamba la elektroni zenye joto kubwa mno, ambalo huzipiga fotoni za kawaida na kuzipandisha hadi nishati ya eksirei. Baadhi ya galaksi hizi hurusha pia mikondo miwili ya chembe ziendazo karibu na mwendo wa nuru. Mkondo ukielekea upande wa Dunia, huonekana kuwa chanzo kikali cha miale ya gama.

Mwaka 1943 Carl Seyfert alieleza kundi la galaksi zenye viini ving’avu, na mwaka 1963 Maarten Schmidt alionyesha kwamba 3C 273, iliyodhaniwa kuwa nyota, iko mbali mno. Leo umbali wake huhesabiwa kuwa takriban miaka bilioni 2.4 ya nuru. Eksirei ndizo zinazobeba habari za mahali palipo karibu kabisa na shimo jeusi, kama vile picha ya kifua ilivyo njia ya kuona mahali ambapo mkono wa mganga haufiki.

Jinsi kigunduzi kinavyofanya kazi

Kigunduzi cha Uhuru kilikuwa sanduku lililojaa gesi ya agoni, lenye dirisha jembamba la metali ya beriliamu. Eksirei ilipopita dirishani na kugonga atomu ya agoni, iling’oa elektroni. Elektroni hiyo iling’oa nyingine, na waya wenye umeme ulizikusanya zote. Kung’oa elektroni moja katika agoni hugharimu takriban elektronivolti 26. Kwa hiyo fotoni yenye elektronivolti 6,000 huacha elektroni kama 230, na yenye 12,000 huacha mara mbili ya hizo. Ukubwa wa mshtuko wa umeme hueleza nishati. Idadi ya mishtuko hueleza wingi wa fotoni. Chombo hiki, kwa hiyo, hufanya mambo mawili: huhesabu na hupima.

Njia ya pili hutumia fuwele. Katika kamera ya gama, kama inayotumika katika Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, mwale wa gama ukigonga fuwele ya sodiamu ayodidi hutoa kimulimuli kidogo cha nuru, na kimulimuli hicho hugeuzwa kuwa umeme. Darubini ya Fermi, iliyorushwa tarehe 11 Juni 2008, hutumia fuwele za jamii hiyo, za sisiamu ayodidi, kupima miale yenye nishati kuanzia elektronivolti milioni 20 hadi zaidi ya bilioni 300.

Njia ya tatu hutumia mango nusu-kipitishi. Swift, iliyorushwa tarehe 20 Novemba 2004, ina vipande 32,768 vya mchanganyiko wa kadimiamu, zinki na teluri. Aina hiyo ya kigunduzi imo pia katika baadhi ya kamera mpya za uchunguzi wa moyo hospitalini.

Mfano mwingine wa undugu huu ni positroni. Katika uchunguzi wa saratani unaotumia positroni, positroni hukutana na elektroni mwilini, vyote viwili hutoweka, na miale miwili ya gama huzaliwa, kila mmoja ukiwa na elektronivolti 511,000. Katika Fermi tendo hilo huenda kinyume: mwale wa gama hupita katika bati jembamba la tangsteni, metali ileile inayotumika ndani ya mirija ya mashine za eksirei, ukageuka kuwa elektroni moja na positroni moja. Njia za chembe hizo mbili hufuatiliwa ili kujua mwale ulitoka upande gani wa anga.

Kuhesabu na kutoa mandharinyuma

Hapa ndipo penye somo kubwa kwa mtu wa maabara. Fotoni kutoka galaksi ya mbali hufika mojamoja bila mpangilio, kama matone ya kwanza ya mvua juu ya bati. Isitoshe, kigunduzi hupata mishtuko hata kikielekezwa mahali pasipo na kitu. Mishtuko hiyo huitwa mandharinyuma, na lazima itolewe katika hesabu.

Kanuni yake ni fupi: ukihesabu matukio ya kubahatisha ukapata idadi fulani, shaka ya hesabu hiyo ni kipeuo cha pili cha idadi hiyo. Ukihesabu 100, shaka ni 10, yaani asilimia 10. Ukihesabu 10,000, shaka ni 100, yaani asilimia 1 tu. Chukua mfano wa hesabu: kigunduzi kikielekezwa kwenye galaksi kinapata mishtuko 130, na kikielekezwa pembeni kwa muda uleule kinapata 100. Tofauti ni 30, lakini shaka ya tofauti hiyo ni kipeuo cha pili cha 230, ambacho ni kama 15. Ishara imezidi shaka mara mbili tu. Mwanaastronomia makini hatangaza ugunduzi. Akiangalia kwa muda mrefu mara kumi, akapata 1,300 na 1,000, tofauti ni 300 na shaka ni kama 48. Sasa ishara imezidi shaka mara sita, na anaweza kuzungumza.

Mtaalamu wa maabara wa Mbinga anayesoma damu ya mtoto mwenye homa yumo katika kazi hiyohiyo. Akipata vimelea 4 vya malaria katika seli nyeupe 200, huzidisha kwa 8,000 na kugawa kwa 200, akaandika vimelea 160 kwa kila maikrolita. Lakini vimelea 4 vina shaka ya 2. Idadi ya kweli inaweza kuwa 80 au 240 bila mtu yeyote kukosea. Ndiyo maana miongozo humtaka aendelee hadi seli nyeupe 500 pale vimelea vinapokuwa vichache. Kwa hiyo anayelinganisha 160 ya jana na 240 ya leo, kisha akasema dawa imeshindwa, amejenga hukumu nzito juu ya msingi mwembamba.

Ukimya wa chombo

Kila kigunduzi kina kikomo ambacho chini yake hakioni. Uhuru haikuziona maelfu ya galaksi ambazo vyombo vya baadaye viliziona. Galaksi zilikuwapo, uwezo wa chombo ndio uliokuwa mdogo. Orodha ya nne ya Fermi ina vyanzo zaidi ya 5,000, na zaidi ya nusu yake ni galaksi ambazo mikondo yake inaelekea Dunia.

Tena, galaksi nyingine zimefichwa na mavumbi na gesi zinazomeza eksirei dhaifu. Chombo cha nishati ndogo huziona kama zilizolala. NuSTAR, iliyorushwa tarehe 13 Juni 2012 na yenye uwezo wa kufikia elektronivolti 79,000, huweza kuona kiini nyuma ya pazia hilo, sawa na mpiga picha anayeongeza kilovolti ili eksirei ipenye kifua kinene.

Kifua kikuu kina sura hiyohiyo. Ili hadubini ionyeshe vimelea katika makohozi, kwa kawaida huhitajika vimelea kati ya 5,000 na 10,000 katika kila mililita. Mashine ya Xpert MTB/RIF huona kuanzia takriban 130. Mgonjwa mwenye vimelea 1,000 atapewa majibu mawili tofauti na vyombo viwili, na vyote viwili vitakuwa vimesema kweli kwa kadiri ya uwezo wake. Kwa hiyo neno sahihi la kumwambia mgonjwa si “huna kifua kikuu,” bali: “Kipimo hiki hakikuona vimelea. Kikohozi kikiendelea, rudi. Tutatumia kipimo kingine.” Sentensi hiyo fupi inaweza kuokoa nyumba nzima.

Karabai za ziwani na kanuni ya umbali

Usiku, wavuvi wa usipa huwasha taa zao ziwani. Anayetazama kutoka ufukweni hawezi kujua nguvu ya taa kwa kuiona tu, kwa maana taa kubwa iliyo mbali hufanana na ndogo iliyo karibu. Umbali ukizidi mara mbili, mwanga unaofika hubaki robo. Ukizidi mara tatu, hubaki moja ya tisa. Wanaastronomia huitumia kanuni hii kwa kuanza na mwanga unaofika, kisha kwa kuujua umbali wakapata nguvu halisi ya galaksi.

Mhudumu huitumia kwa upande wa pili, yaani kujikinga. Muuguzi anayerudi nyuma kutoka mita 1 hadi mita 2 wakati wa kupiga picha hupunguza mionzi inayomfikia hadi takriban robo. Asimame nyuma ya kinga kila inapowezekana. Mtoto ashikwe na mzazi asiye mjamzito, aliyevaa aproni ya risasi, badala ya mhudumu yuleyule kila siku. Beji ya kupimia mionzi anayovaa mfanyakazi nayo ni kigunduzi: fuwele ndogo inayotunza kumbukumbu ya mionzi iliyoipokea. Kuiacha kabatini ni sawa na kurusha setilaiti na kuzima vigunduzi vyake.

Jibu kwa mgonjwa anayeogopa

Binadamu wote hupokea mionzi ya asili kutoka ardhini, angani na hata katika chakula. Wastani wa dunia ni milisiverti 2.4 kwa mwaka. Picha moja ya kifua ya watu wazima humpa mgonjwa takriban milisiverti 0.02 hadi 0.1, ambayo ni sawa na mionzi ya asili ya siku kama 3 hadi 15. Uchunguzi wa kifua kwa mashine ya CT hufikia milisiverti kadhaa. Huo hutakiwa kuwa na sababu ya kutosha. Mjamzito aseme mapema kwamba ana mimba. Picha ya kifua ikihitajika kweli, kwa kawaida haizuiliwi, kwa kuwa mionzi inayomfikia mtoto tumboni ni kidogo mno.

Mgonjwa, basi, asiambiwe kwamba mionzi haina madhara. Aambiwe kiasi chake, alinganishiwe na anachokipokea kila siku, kisha awekewe pembeni hatari ya kifua kikuu kisichotibiwa. Akipewa mizani yenye pande zote mbili, watu wengi huchagua vema.

Muhtasari

Eksirei ya hospitali na eksirei ya galaksi ni kitu kimoja. Hutofautiana kwa chanzo na kiasi. Vigunduzi huhesabu fotoni na kupima nishati yake. Kila hesabu ina shaka, na shaka hupungua kadiri hesabu inavyoongezeka. Chombo kisichoona hakijathibitisha kutokuwapo. Umbali hupunguza mionzi haraka.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini eksirei za Centaurus A haziwezi kupimwa kutoka Mbamba Bay?
2. Mtaalamu amehesabu vimelea 9 katika seli nyeupe 200. Je, shaka ya hesabu yake ni kiasi gani, na afanye nini?
3. Mgonjwa anayeendelea kukohoa ameambiwa na hadubini kuwa hana vimelea. Andika sentensi mbili za kumweleza maana ya jibu hilo.
4. Muuguzi akisogea kutoka mita 1 hadi mita 3 kutoka chanzo cha mionzi, atapokea sehemu gani ya mionzi ya awali?